Fanya Kazi, Jina Mwachie Mungu



Katika vijiji vyetu vya Muheza maneno "Mungu akipenda" husemwa kila siku. Mkulima huyasema anapopanda mahindi. Mama huyasema anapompeleka mtoto shuleni. Kijana huyasema anapopanda basi kwenda Tanga kutafuta kazi. Waislamu husema "Inshallah". Wakristo husema "Mungu akijalia". Maana yake ni moja. Mtu anakiri kwamba yeye hupanga, lakini mwenye neno la mwisho ni Mungu.

Kuyasema maneno haya ni rahisi. Kuyashika ni kazi. Mambo yakienda kama tulivyotaka, tunasema, "Mungu amependa." Yakienda vingine, tunanuna. Tunawachukia wenzetu. Pengine tunaacha hata kazi tuliyokuwa tukiifanya vizuri.

Somo hili linaeleza maana ya kuuamini mpango wa Mungu kuliko tamaa ya cheo na tamaa ya jina. Tutatumia mifano mitatu. Mfano wa kwanza ni wangu mimi mwenyewe. Mifano miwili inayofuata ni ya watu waliojulikana sana. Wote wawili wamezikwa katika mkoa wetu wa Tanga.

1. JINA LANGU HALIKUTOKA

Mimi nina cheti. Nilipokuwa nimefanya kazi miaka sita, niliomba nafasi ya kwenda kusoma diploma. Nilijaza fomu, nikaituma. Nilikuwa na hakika kwamba nitachaguliwa. Nikamwambia mama yangu. Mama akawaambia majirani. Nikaenda kwa fundi cherehani, akanishonea suruali mbili mpya za kwendea chuoni.

Orodha ilipotoka, jina langu halikuwamo. Jina la mwenzangu mmoja lilikuwamo. Mwenzangu huyo nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Baada ya wiki moja nikapewa barua. Iliniagiza niende nikasimamie madarasa ya kisomo cha watu wazima vijijini. Chombo changu cha safari kilikuwa baiskeli.

Nitasema kweli. Kilichoniuma zaidi hakikuwa masomo niliyoyakosa. Kiliniuma kufikiri, "Watu watasemaje?" Kwa wiki mbili sikupita njia ya dukani. Nilipita njia ya nyuma, katikati ya mihogo, ili nisiulizwe, "Je, safari lini?"

Hapo ndipo nilipojijua. Kama ningekuwa nataka elimu tu, ningesikitika kisha ningetafuta kitabu nisome. Lakini mimi nilitaka pia kuonekana. Nilitaka watu waseme, "Yule amekwenda chuoni." Tamaa ya elimu na tamaa ya jina zilikuwa zimefungwa katika mzigo mmoja, nami sikuwa nimezitenganisha.

Nikaanza kazi ya vijijini kwa moyo mzito. Katika darasa moja alikuwapo bibi mmoja mkulima wa michungwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na zaidi. Alikuwa akiandika polepole, lakini hakukosa hata siku moja.

Kama mnavyojua, katika wilaya yetu wakulima wengi huuza machungwa yangali mtini. Mnunuzi huja, huhesabu miti, huandika karatasi, na mkulima hutia sahihi. Asiyejua kuandika hutia dole gumba.

Siku moja baada ya somo bibi yule alibaki nyuma. Akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye pindo la khanga. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, hebu nitazamie hii. Nimeuza miti kumi na minne. Nimetafuta neno 'kumi' humu, silioni."

Nikaisoma. Karatasi ilisema "miti arobaini". Chini yake lilikuwapo dole gumba lake. Alikuwa amelitia kabla hajajua kusoma vizuri.

Bibi yule hakupiga kelele. Alikwenda ofisi ya kijiji na karatasi yake mkononi. Mnunuzi akaitwa. Akasema ni makosa ya kalamu. Karatasi mpya ikaandikwa mbele ya mashahidi: miti 14. Safari hii bibi hakutia dole gumba. Aliandika jina lake, herufi moja moja, na watu wote wakangoja mpaka akamaliza.

Je, Mungu aliniacha nyumbani kwa ajili ya karatasi ile? Siwezi kusema hivyo kwa hakika. Mipango yake mimi siijui. Ninalolijua ni hili. Kazi niliyoidharau ndiyo iliyookoa miti 26 ya bibi yule. Na siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ya dukani.

2. TAMAA YA JINA NI NINI?

Tusikosee hapa. Kutaka maendeleo si dhambi. Mkulima anayetaka gunia kumi badala ya matano hafanyi kosa. Kijana anayetaka kusoma hafanyi kosa. Hata kuwa na jina jema ni jambo zuri. Wazee wetu walisema, "Jina jema hung'aa gizani."

Lakini angalieni methali hiyo. Jina jema hung'aa lenyewe. Mwenye jina hazunguki na taa kulimulika. Ziko methali nyingine zinazofanana nayo. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kazi njema hujisemea. Anayehangaika kutembeza sifa zake, mara nyingi bidhaa yake ina walakini.

Tamaa ya jina ni pale mtu anapoipenda sifa ya kazi kuliko kazi yenyewe. Tuseme kijiji kimechimba kisima. Maji yametoka, ni mazuri. Lakini viongozi wawili wanagombania nani akifungue na jina la nani liandikwe kwenye saruji. Siku kumi zinapita. Akina mama wanaendelea kuchota maji ya mtoni, na kisima kiko pale kimefungwa. Watu wale walisema wanataka maji. Kumbe walitaka jina.

Dalili za ugonjwa huu ni tatu:

(a) Mtu huifanya kazi vizuri akitazamwa, na vibaya asipotazamwa.

(b) Mwenzake akisifiwa, yeye huumwa moyo.

(c) Mpango wake ukivunjika, huiacha kazi kabisa, kwa sababu haoni tena faida yake.

Dalili hizi huonekana ofisini. Huonekana pia katika kamati ya msikiti, katika kwaya, na katika mkutano wa kijiji. Mimi nilikuwa nazo dalili mbili kati ya hizo tatu.

Basi tuwatazame watu wawili waliokuwa na akili nyingi na vipaji vikubwa. Tuone maisha yao yalivyokwenda.

3. ASKOFU ALIYEKUFA HEGONGO

Si mbali na mji wa Muheza kuna mahali panapoitwa Magila. Wengi hupaita Msalabani. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walianza kazi hapo katika miaka ya 1860. Chama chao kiliitwa UMCA. Karibu na Magila kuna kijiji cha Hegongo.

Katika kijiji hicho alikufa mtu mmoja aliyeitwa Frank Weston. Alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma katika chuo kikuu cha Oxford na kufaulu kwa daraja la kwanza. Mtu wa namna hiyo angeweza kupata kazi kubwa nchini kwake. Lakini mwaka 1898 alikuja Unguja. Alifundisha, kisha akawa mkuu wa chuo cha Kiungani. Mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar. Eneo lake lilikuwa Unguja, Pemba na sehemu kubwa ya bara, pamoja na nchi ya Bonde. Sehemu nyingi hazikuwa na barabara, naye alitembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji.

Tusimfanye malaika. Weston alikuwa mtu mkali wa maneno. Mwaka 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, katika nchi ya Kenya, wakatafuta njia ya kushirikiana. Weston aliona kwamba wamevunja kanuni za kanisa lake. Akawashtaki maaskofu wenzake wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ugomvi ule ukaandikwa sana katika magazeti ya Uingereza. Wako waliosema Weston ni mtetezi wa imani. Wako waliosema ni mgomvi. Kwa vyovyote, jina lake likajulikana.

Mtu akishapata jina, yako mambo mawili anayoweza kulifanyia. Anaweza kulilinda, au anaweza kulitumia kwa faida ya wengine hata kama litachafuka. Weston alichagula lipi? Tazameni lililotokea baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa maagizo kwa maofisa na machifu. Maagizo yalisema wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi wa Kizungu. Neno lililotumika lilikuwa "kuhimiza". Lakini chifu akihimiza kwa amri ya serikali, mwanakijiji hana nafasi ya kukataa. Hiyo ilikuwa kazi ya shokoa kwa jina jingine.

Mwaka 1920 Weston aliandika kijitabu cha kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe. Alisema wazi kwamba ule ni utumwa. Hakuwa peke yake, wengine pia walipinga. Mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilibadili maagizo yale na kuwakataza maofisa wasiwatafutie walowezi vibarua.

Mwaka 1923 Weston alialikwa London kuongoza mkutano mkubwa wa kanisa lake. Ulifanyika katika ukumbi mkubwa sana uitwao Albert Hall. Maelfu ya watu walikusanyika. Aliwaambia kwamba haifai kumwabudu Mungu kwa uzuri ndani ya kanisa, kisha kuwapita maskini huko nje bila kuwajali. Watu walimshangilia sana. Hotuba ile bado inakumbukwa na kusomwa mpaka leo.

Hapo alikuwa amefika kileleni. Angeweza kubaki huko, katikati ya sifa. Lakini alirudi kwenye kazi yake Afrika, kwenye vijiji na njia za miguu.

Mwaka uliofuata, 1924, alipatwa na jipu. Nyote mnajua jipu. Ni ugonjwa unaompata mtoto na mzee, tajiri na maskini. Likapasuliwa, lakini sumu ikaingia katika damu. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya namna hiyo. Dawa ya penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na ilianza kuwafaa wagonjwa wengi katika miaka ya 1940. Tarehe 2 Novemba 1924 Frank Weston alifariki dunia Hegongo. Alikuwa na umri wa miaka 53. Akazikwa Magila.

Fikirini jambo hili. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu London aliondolewa duniani na jipu, katika kijiji cha Muheza, katikati ya kazi ambayo haijaisha. Kama kipimo cha maisha ni mpango wa mtu kutimia, basi maisha yake yalikatika vibaya. Lakini kazi haikukatika. Waliiendeleza mapadri, walimu, wauguzi na masista. Wengi wao walikuwa Waafrika, na wengi wao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Mwaka 1970, miaka 46 baada ya kifo cha Weston, kanisa lile lilipata Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania. Alikuwa Mwafrika, John Sepeku.

Mpanzi si lazima awe mvunaji. Aliyeamini mpango wa Mungu hulijua hilo tangu siku ya kupanda.

4. KARANI WA VIBAMBANI

Huenda msomaji Mwislamu atasema, "Hiyo ni habari ya Wakristo." Basi tumtazame Mwislamu, mwenyeji wa mkoa wetu huu.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam. Mwaka 1926 alipata cheti chake, naye akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani katika idara ya forodha. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani. Alihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Juu yake walikaa mabwana wakubwa. Siku zile Mwafrika, hata awe na akili namna gani, alikuwa na kikomo cha kupanda.

Kando ya ukarani wake aliandika. Aliandika mashairi, tenzi, hadithi na insha kwa Kiswahili. Mara kwa mara humo alizungumza juu ya Mungu, juu ya haki na juu ya utu. Leo wakubwa waliokuwa juu yake ofisini hawajulikani. Lakini karani anajulikana kila mahali panaposomwa Kiswahili.

Mojawapo ya vitabu vyake ni "Utubora Mkulima". Ni hadithi ya mtu anayeacha kazi ya ofisini yenye mshahara mzuri na kwenda shambani kulima. Kwa macho ya watu wengi mtu huyo ameshuka. Kwa mwandishi, amepanda.

Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni mwaka 1962. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi sita tu iliyopita. Alizikwa kwao Vibambani. "Utubora Mkulima" kilichapishwa mwaka 1968. Kitabu chake kingine, "Siku ya Watenzi Wote", kilichapishwa mwaka huo huo. Mwandishi alikuwa kaburini kwa miaka sita. Hakuvishika mkononi. Hakumwona hata mwanafunzi mmoja akivisoma.

Kama angeandika kwa ajili ya kuonekana tu, angeweza kuweka kalamu chini mapema. Aliandika kwa sababu kazi ile ilikuwa yake kuifanya. Lini itaonekana, na nani ataiona, hayo hayakuwa mikononi mwake.

5. KUAMINI SI KUKAA BURE

Sasa tufike mahali penye hatari. Wako watu wanaosema, "Kama Mungu ndiye anayepanga, mimi nihangaike kwa nini?" Hulala mpaka jua likawa kali. Magugu yakijaa shambani, husema, "Ni mpango wa Mungu." Huo si mpango wa Mungu. Huo ni uvivu, na wazee walisema, "Ajizi nyumba ya njaa."

Waislamu hufundishwa kwamba mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo atawakali kwa Mwenyezi Mungu. Hawakufundishwa kumwacha ngamia ovyo. Wakristo husoma kwamba Yesu, usiku wa kuamkia mateso yake, aliomba yamwondokee, kisha akayakubali mapenzi ya Mungu. Hakuficha alichotaka. Alikisema, kisha akakiweka mikononi mwa Baba yake. Basi mwenye imani hupanga, hufanya kazi, huomba. Baada ya hapo ndipo huachia.

Iko hatari ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Ni kumsingizia Mungu dhambi za watu. Mtu akidhulumiwa, huambiwa, "Vumilia, Mungu ndivyo alivyopanga." Mtoto akikosa chanjo kwa uzembe wa wazazi, husemwa, "Ni kazi ya Mungu." Mjane akinyang'anywa shamba na ndugu wa mume, huambiwa asubiri malipo ya mbinguni.

Mkumbukeni bibi wa machungwa. Hakusema, "Mungu amependa niuze miti arobaini." Alijua kwamba aliyeandika arobaini alikuwa mtu mwenye kalamu. Alichukua karatasi yake akaenda kudai haki. Mkumbukeni na Weston. Hakuwaambia watu wa Kenya wavumilie shokoa. Aliipinga, ingawa waliotoa amri walikuwa ndugu zake wa damu na lugha.

Kwa hiyo kuna tofauti kati ya mambo mawili. Liko jambo lililo katika uwezo wako: kulima, kusoma, kudai haki, kusema kweli. Hilo ulifanye kwa nguvu zako zote. Na liko jambo lisilo katika uwezo wako: mvua, maradhi ya ghafla, uamuzi wa wengine, sifa za watu, siku ya kufa. Hilo mwachie Mungu. Mtu anayeyachanganya haya mawili hupata taabu mara mbili. Huacha kulifanya lililo lake, na hukosa usingizi kwa lisilo lake.

6. MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Tamaa ya jina haitoki kwa siku moja. Mimi bado ninayo. Lakini nimejifunza kujiuliza maswali matatu kila ninapotaka jambo kubwa. Nawapa na ninyi.

Swali la kwanza: Kama hakuna mtu atakayejua kwamba ni mimi niliyeifanya kazi hii, je, bado nitaifanya? Nikijibu ndiyo, naipenda kazi. Nikijibu hapana, nalipenda jina.

Swali la pili: Kama mwenzangu ataifanya vizuri kuliko mimi, je, nitafurahi kwamba kazi imefanyika? Swali hili ni chungu. Mimi lilinichukua muda mrefu. Mwenzangu yule aliyekwenda chuoni sikumwandikia barua kwa mwaka mzima. Nilipomwandikia, alinijibu kwa posta iliyofuata, akaniletea na vitabu viwili.

Swali la tatu: Mpango wangu ukivunjika leo, ni kazi gani iliyo mbele yangu kesho asubuhi? Kazi huwa ipo. Pengine ni ndogo. Pengine haina kiti wala meza. Lakini mara nyingi ndiyo uliyopewa, wakati wewe unaitazama ya mbali. Methali inasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mpaka leo nina cheti kile kile. Nimeomba tena nafasi ya diploma, maana elimu ni jambo jema na kuomba si kosa. Nikichaguliwa nitakwenda kwa furaha. Suruali zile mbili zimekwisha chakaa kwa baiskeli, itabidi nishone nyingine. Nisipochaguliwa, Jumatano saa kumi alasiri kuna darasa chini ya mwembe, na bibi wa machungwa sasa anajifunza kugawanya. Anataka kujua kila mti ulimpa shilingi ngapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mwandishi alipita njia ya nyuma kwa wiki mbili. Kwa nini? Je, wewe umewahi kufanya hivyo?

2. Karatasi ilisema miti 40. Bibi aliuza miti 14. Je, miti iliyozidi ilikuwa mingapi? Kama kila mti ungeuzwa shilingi 5,000, bibi angepoteza shilingi ngapi?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuwa na jina jema na kuwa na tamaa ya jina?

4. Frank Weston alikufa kwa ugonjwa gani? Kwa nini ugonjwa huo uliua watu wengi zaidi siku zile kuliko leo?

5. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. "Utubora Mkulima" kilichapishwa mwaka 1968. Je, umewahi kufanya kazi ambayo faida yake wataiona watu wengine?

6. Tajeni mambo matatu ambayo watu wa kijiji chenu husema ni mpango wa Mungu. Je, yote ni mpango wa Mungu? Au mengine ni makosa ya watu?

MANENO YA KUJIFUNZA

ajizi: uvivu, ulegevu wa kufanya kazi
kusingizia: kumtwika mtu kosa ambalo hakulifanya
kutawakali: kumwachia Mungu jambo baada ya kutimiza wajibu wako
mlowezi: mgeni aliyehamia nchi ya watu na kuchukua ardhi
shokoa: kazi ya kulazimishwa
walakini: kasoro, upungufu